Shule Yetu Imeambiwa ni Hafifu: Mzazi Aanzie Wapi?

Habari kwamba shule imefanya vibaya kwenye uthibiti ubora huwafikia wazazi kwa njia za pembeni. Mjumbe wa kamati anaidokeza msibani. Mwalimu anamnong'oneza jirani. Mtoto anarudi nyumbani anasema leo kulikuwa na wageni, walikaa nyuma ya darasa wakiandika, na mwalimu alikuwa mpole ajabu. Hadi mkutano wa wazazi unapoitishwa, kila mtu ana ripoti yake kichwani, na ile ya karatasi iko kabatini kwa mwalimu mkuu.

Nimekaa kwenye mikutano ya namna hii kiasi cha kuweza kutabiri inavyokwenda. Mwenyekiti wa kamati anafungua, mtendaji wa kijiji anaomba utulivu, mwalimu mkuu anasoma aya mbili tatu kwa sauti ya chini. Kisha mzee mmoja anasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Mwalimu mkuu atupishe." Makofi. Mama mmoja upande wa pili anauliza bila kusimama: "Sawa baba, tumtoe. Atakayekuja atakuja na walimu?" Watu wanacheka. Mwishowe anatokea mwenye suluhisho: kambi ya darasa la saba, kila kaya itoe mahindi na fedha kidogo ya mafuta ya taa au umeme. Pendekezo linapita, muhtasari unaandikwa, watu wanatawanyika. Baada ya wiki chache wale wenye uwezo wamekwisha kuwahamishia watoto shule nyingine kimyakimya, akiwamo pengine yule aliyepiga makofi kuliko wote.

Katika mkutano mzima hakuna aliyeomba kuishika ripoti mkononi.

Hilo ndilo kosa linalonisumbua, kuliko hata hayo matokeo. Ripoti ya wathibiti ubora huchukuliwa kama hukumu, na hukumu humtafuta mtu wa kufungwa. Mimi naona ni sawa na daftari la madeni: kila upungufu ulioandikwa mle ni deni, na kila deni lina mdaiwa wake. Baadhi anadaiwa mwalimu wa darasa, baadhi mwalimu mkuu, baadhi halmashauri, baadhi wizara, na yapo tunayodaiwa sisi wazazi. Ukimdai mtu deni la mwenzake hulipwi, na mwenye deni halisi anaendelea kulala usingizi.

Tuanze na kazi ya wathibiti wenyewe, ambao wengi wetu bado tunawaita wakaguzi. Tangu mwaka 2017 wanatumia kiunzi kinachowataka watazame maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ubora wa ufundishaji na upimaji, namna mtaala unavyotekelezwa kukidhi mahitaji ya wanafunzi, uongozi, mazingira ya shule na usalama na afya ya watoto, na ushiriki wa jamii. Hilo la sita wazazi wengi hawalijui. Shule inapopimwa, na sisi tunapimwa: kama tunahudhuria mikutano, kama kamati inakutana, kama watoto wanakula mchana, kama mzazi anajua mwanawe anasoma nini. Shule inaweza kuandikiwa upungufu kwa sababu yetu.

Lakini moyo wa ripoti ni ufundishaji, na hapo nitakaa kidogo, maana ndipo penye mambo ambayo huwezi kuyaona ukiwa umesimama getini.

Mthibiti anayejua kazi yake hafiki na kuanza na ofisi. Anaingia darasani, anakaa dawati la nyuma, anachukua daftari la mtoto aliye jirani naye. Tuseme ni daftari la hisabati la darasa la tatu. Limesahihishwa, tena kwa wino mwekundu, tiki kutoka juu hadi chini. Anasoma swali la nne: 42 kutoa 17. Mtoto ameandika 35. Tiki. Swali la sita: 61 kutoa 28. Mtoto ameandika 47. Tiki.

Aliyesoma hisabati za ualimu anajua mara moja kilichotokea. Mtoto huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu: kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi iko juu. Saba kutoa mbili, tano, nne kutoa moja, tatu, jibu 35. Hajaelewa kukopa kutoka makumi. Hili ni kosa la kawaida sana kwa watoto wa umri huo, na mwalimu akiliona mapema analirekebisha kwa vijiti na vifungu vya kumikumi. Asipoliona linaota mizizi, na mtoto anakwenda nalo darasa la nne, la tano, la sita, akiamini yuko sahihi, kwa sababu ana tiki za mwalimu kuthibitisha.

Kwa nini mwalimu hakuliona? Mthibiti anageuka, anahesabu vichwa. Darasa lina watoto 90. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Kusoma daftari moja kwa makini, siyo kulipigia tiki, kunachukua walau dakika mbili. Madaftari 90 ni dakika 180, yaani saa tatu, kwa somo moja, kwa siku moja, na mwalimu huyohuyo ana masomo mengine na darasa lingine. Kwa hiyo anapiga tiki.

Ripoti itaandika, kwa lugha yake kavu, kwamba kazi za wanafunzi hazisahihishwi ipasavyo na kwamba msongamano darasani ni mkubwa. Mzazi akiisoma haraka ataona jambo moja: walimu wavivu. Kumbe ni madeni mawili ya wadaiwa wawili. Kupiga tiki bila kusoma ni deni la mwalimu, na la mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu ambao walipaswa kupitia madaftari hayo kabla ya mgeni kufika. Watoto 90 katika chumba kimoja ni deni la mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwapo mkutanoni wakati wa makofi.

Yule wa kambi naye alikuwa na nia njema. Alitazama mkeka wa matokeo ya darasa la saba, akaona aibu, akatafuta dawa ya darasa la saba. Ila ripoti ilikuwa inamwambia kidonda kiko darasa la pili na la tatu. Mtoto asiyemudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika miaka miwili ya mwanzo, haonekani kwenye mkeka wa mwaka huo wala unaofuata. Anaonekana miaka mitano baadaye, akiwa hawezi tena kusaidiwa na kambi ya miezi mitatu ya kukariri maswali ya zamani. Ndiyo maana mwaka 2015 serikali ilileta mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaojikita kwenye stadi hizo tatu. Na sasa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Muda wa kufukuzia kilichopotea chini unapungua kwa mwaka mzima. Nikiulizwa mimi, mahindi yale ya kambi yangepikwa uji wa darasa la kwanza.

Sasa tuje kwa wadaiwa wa juu. Hapa kuna jambo la muundo wa serikali ambalo mzazi hafundishwi popote, nalo linaeleza kwa nini ripoti nyingi hukaa kabatini.

Wathibiti ubora ni watumishi wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Shule ya msingi au sekondari ya serikali iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mwalimu mkuu anawajibika kwa Afisa Elimu wa halmashauri, siyo kwa mthibiti. Nidhamu na kupanda daraja kwa mwalimu ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mitihani ni ya NECTA. Mitaala na vitabu ni Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kwa hiyo mthibiti anaandika "walimu waongezwe", anatia sahihi, anaondoka. Hana mwalimu wa kuleta. Hana fungu. Hana mamlaka ya kumwamuru Mkurugenzi wa halmashauri. Anachoweza ni kushauri, kutoa nakala kwa wahusika, na siku nyingine kurudi kuona kama ushauri umefuatwa. Muundo huu una sababu yake nzuri: anayepima hapaswi kuwa ndiye anayeendesha. Lakini tunda lake chungu ni kwamba pendekezo linatoka nyumba moja na utekelezaji uko nyumba nyingine, na katikati hakuna mtu wa kubisha hodi kila mwezi. Mtu huyo, kwa maoni yangu, ni mzazi. Yeye peke yake hajali mpaka wa wizara.

Tazama suala la walimu. Mwalimu mkuu haajiri. Akiandika barua za kuomba walimu mpaka karatasi ziishe, ajira mpya zinapangwa kitaifa. Lakini Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuhamisha walimu ndani ya halmashauri yake. Nenda halmashauri nyingi utakuta shule za mjini na za kando ya lami zina walimu wa kutosha, wengine hata wanagawana vipindi, huku shule iliyo ndani ndani, isiyo na nyumba ya mwalimu wala umeme, ina walimu wanne kwa madarasa saba. Kurekebisha hali hiyo maofisa wanakuita msawazo wa walimu. Hakuhitaji ajira mpya, kunahitaji uamuzi, na uamuzi huo una gharama za uhamisho na lawama, ndiyo maana huahirishwa. Mkutano wa wazazi unaosema "tunaomba serikali ituletee walimu" unasahaulika jioni hiyohiyo. Unaosema "shule yetu ina walimu wanne kwa wanafunzi 540, shule fulani ya kata jirani ina kumi na nane kwa wanafunzi 600, tunaomba msawazo kabla ya muhula ujao", na barua ikapitia kwa diwani hadi Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya halmashauri, huo una mtu wa kuujibu.

Wasichana na vyoo ni mfano mwingine ambapo hesabu hushinda hasira. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 na wavulana 300 inahitaji matundu 15 upande mmoja na 12 upande wa pili. Mzazi yeyote anaweza kwenda kuhesabu Jumamosi asubuhi, tena ahesabu yale yenye milango, maana tundu lisilo na mlango kwa msichana wa darasa la sita ni sawa na halipo. Ripoti itakuwa imesema vyoo havitoshi. Kuhesabu kunakupa tofauti: tuseme pungufu ni matundu saba, siyo "vyoo".

Na fedha? Wazazi wengi huamini shule inapata mamilioni na mwalimu mkuu anayala. Wapo wanaokula, sitawatetea. Lakini fungu la ruzuku ya uendeshaji lililopangwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Hata tukijifanya yote inafika, shule ya watoto 600 ingepata milioni 6 kwa mwaka mzima kwa chaki, karatasi, mitihani ya ndani, michezo, ukarabati na uendeshaji wa ofisi. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, ilitenga milioni 20 kwa darasa moja. Mwalimu mkuu anayelaumiwa kwa kutojenga darasa angelazimika kukaa zaidi ya miaka mitatu bila kununua hata chaki.

Nisieleweke kwamba namvua lawama zote. Tangu mwaka 2016 mwalimu mkuu analipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Uongozi ni kazi anayolipwa, na yapo mambo ambayo hayahitaji Mkurugenzi wala bajeti. Walimu kufika na kuingia darasani. Maandalio ya masomo kupitiwa. Madaftari kukaguliwa kwa zamu. Watoto wanaochelewa KKK kutambuliwa kwa majina na kupewa muda wao. Matumizi ya ruzuku kubandikwa ubaoni ambapo mzazi anaweza kuyasoma. Kamati kuitwa kwa wakati. Yeye ndiye katibu wake. Ripoti ikisema haya hayafanyiki, hapo hakuna cha kusingizia TAMISEMI, na wazazi wana haki ya kumtaka aseme mbele yao ataanza lini na mwezi wa ngapi wamwulize tena. Kumtaka aondoke ni rahisi zaidi, lakini akihamishwa anahama na kumbukumbu zote, mgeni anaanza moja, na deni la halmashauri linabaki palepale likiwa limepata msamaha wa mwaka mwingine.

Upande wa wazazi, jambo linaloharibika haraka ni michango. Ripoti mbaya huwatia watu ari, na ari inataka kutoa fedha. Elimumsingi bila ada ilianza mwaka 2016, na waraka wa elimu namba 3 wa mwaka huo ulieleza nani anabeba nini: mzazi sare, madaftari, chakula kwa mtoto wa kutwa, matibabu. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni baada ya watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa kulipa. Kuchangia kwa hiari na kwa makubaliano ya jamii hakujafutwa, ila mwalimu asiwe mkusanyaji na mtoto asiwe dhamana. Kanuni hii naiona ni ya busara kuliko inavyosifiwa. Shule ambayo mwalimu wake ndiye mdai, mzazi maskini haji mkutanoni, na shule inapoteza macho ya watu ambao watoto wao ndio walioandikwa kwenye ripoti.

Kama wazazi wameamua kuchangia, wachangie kile ambacho ripoti imekitaja na ambacho kweli ni cha kwao. Chakula cha mchana ni kimojawapo. Mtoto aliyetembea kilomita nne na hajala hamsikii mwalimu baada ya saa tano. Mwalimu wa kujitolea anayelipwa na wazazi naye anasaidia, nimeona vijana waliohitimu ualimu wakiokoa madarasa mazima kwa posho isiyofika bei ya simu ndogo. Lakini hapa nina wasiwasi wangu. Shule ikishajazia pengo kwa fedha za wazazi, kwenye takwimu za ofisini haionekani tena kuwa na shida kali, na inarudi nyuma kwenye foleni ya walimu wa serikali. Anayejitolea aandikwe wazi kwenye kila taarifa kuwa ni wa kujitolea.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini halmashauri hupanga bajeti yake miezi mingi kabla, mazungumzo yakianza ngazi ya kijiji na kata mwishoni mwa mwaka unaotangulia. Ripoti iliyotoka Machi na kujadiliwa kwa hamaki Aprili inakuta bajeti imekwisha kufungwa. Hapo ombi la darasa litasubiri zaidi ya mwaka, na kufikia wakati huo wazazi wameshachoka. Wanaojua mchezo hulipeleka ombi mara mbili: Aprili kama taarifa, Oktoba kama kipaumbele cha kijiji, likiwa limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ombi lisilo kwenye muhtasari ni porojo, hata kama lilisemwa na watu mia tano.

Kwa shule binafsi nitasema kidogo tu. Mzazi pale ni mlipaji, na mmiliki anasikia lugha ya ada kuliko lugha ya kamati. Ila ombi ni lilelile: tuonyeshwe mapendekezo na tarehe za utekelezaji. Shule inayotangaza wastani wa ufaulu kwenye bango la barabarani na kuficha ripoti ya uthibiti inakuambia kitu kuhusu nafsi yake.

Je, tatizo lingekwisha kama ripoti zote zingetangazwa hadharani, kila shule na cheo chake? Uingereza wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Chombo chao cha ukaguzi, Ofsted, kilianzishwa mwaka 1992, ripoti zake ni za wazi, na kwa muda mrefu kila shule ilipewa neno moja la jumla, kutoka bora kabisa hadi duni. Wazazi walilishika neno na kuiacha ripoti. Wenye uwezo walihamia mitaa yenye shule zenye neno zuri. Januari 2023 Ruth Perry, mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Reading, alijiua wakati akisubiri kutangazwa kwa ripoti iliyoishusha shule yake hadi daraja la chini kabisa. Mchunguzi wa vifo alisema baadaye mwaka huohuo kwamba ukaguzi ule ulichangia. Septemba 2024 serikali iliacha neno moja la jumla kwa shule za umma. Mwezi uleule wa Januari 2023, kwa sababu zake nyingine, NECTA nayo ilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora na kumi za mwisho tuliyoizoea. Nakumbuka watu walivyolalamika kwamba wananyimwa taarifa. Lakini orodha ile ilikuwa inamwambia nini mzazi wa shule ya kata? Kwamba yuko mbali na kumi bora. Alikuwa analijua hilo.

Ninachotaka kiwe wazi ni ripoti yenyewe, hasa kurasa za mapendekezo. Na njia ya kuipata haina haja ya ugomvi. Kamati ya shule ina wazazi ndani yake, na ni haki ya wajumbe kuisoma na kuijadili. Kama shule ina umoja wa wazazi na walimu, ule unaojulikana kama UWAWA, basi ni kikao kingine halali cha kuiomba. Mwombe mwalimu mkuu kwa adabu: "Mwalimu, tunaomba tusome pamoja mapendekezo, tuone letu ni lipi." Wengi watakupa, tena wataona nafuu, maana wamechoka kubeba peke yao. Akikataa, nenda ofisi ya uthibiti ubora ya wilaya. Ikishindikana kabisa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kwa kuwa bila mhuri siku 30 hazina mwanzo.

Ukiipata, kaeni watu wachache wenye subira, pamoja na mwalimu wa taaluma kama atakubali, mpitie pendekezo moja moja na pembeni mwandike mdaiwa. Mtashangaa jinsi makelele yanavyopungua. Yapo yatakayohitaji sahihi ya Mkurugenzi, yapo ya kumalizwa na mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa, na yapo ambayo jina la mdaiwa ni lenu. Katika shule moja niliyopata kuifahamu, pendekezo lililokuwa na maneno makali kuliko yote lilihusu utoro siku za mnada. Halikuwa la mwalimu wala la serikali. Watoto walikuwa wanatumwa na wazazi wao kuchunga na kuuza karanga, na nusu ya waliolisoma pendekezo lile walikuwa wameketi palepale.

Wathibiti watarudi. Inaweza kuchukua muda kuliko inavyopaswa, kwa sababu shule ni nyingi na magari ni machache, lakini ufuatiliaji ni sehemu ya kazi yao, na watawahoji wazazi kama wanavyowahoji walimu na watoto. Siku hiyo mwenyekiti asipeleke wajumbe waliofundishwa majibu. Mthibiti akiuliza kama mnashirikishwa, mtajieni tarehe ya mkutano wa mwisho na jambo lililoamuliwa, mwonyesheni barua iliyokwenda halmashauri na jibu lililokuja, au pengo ambapo jibu lingekuwa. Na kama mwalimu mkuu ametimiza yale yaliyokuwa kwenye uwezo wake, madaftari yanasomwa na watoto wa darasa la pili wanasoma, huku kutoka juu hajaletwa mwalimu hata mmoja, semeni hivyo akiwapo na anasikia, na hakikisheni mthibiti ameliandika.